Jina la Majaribio

Dokta Respicius aliileta laptop yake dukani kwangu ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Aliiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili, kisha akaniomba nifunge mlango. Sikufunga. Duka la uchapaji na fotokopi likifungwa asubuhi kweupe watu watasema umefilisika, na mimi Frida nina majirani ambao wanaingoja habari hiyo kwa hamu. Nikamwambia afungue tu blanketi lake, tuone.

Ulikuwa mwaka 2002, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na kila aliyepunguzwa kazini alikuwa anajitafutia jina jipya. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shirika, nikawa mwenye duka. Respicius alikuwa bwana stoo, akawa dokta. Alipanga nyumba kule Nzuguni, akasimamisha kibao kando ya barabara kinachosema anatibu kifua, uzazi, biashara iliyokwama na mengine ya faragha, na alisema utaalamu huo aliachiwa na bibi yake kule Bukoba. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, alisalimia kila mtu, na aliwarudisha wagonjwa mahututi hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii huanza kumtafuta mtu mbaya, na mimi nimemtafuta sana sijampata, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

Laptop ilikuwa mpya kabisa. Alipewa na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kama shukrani, naye aliinunua Dubai, ndiyo maana vitufe vyake vilikuwa na herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida. Kioo bado kilikuwa na nailoni yake, na Respicius alikataa katakata ibanduliwe. Mpaka siku hiyo alikuwa hajaiwasha. Alikuwa anaiweka mezani mbele ya wagonjwa ikiwa imefunikwa, na alidai kwamba hata hivyo ilisaidia.

Nikamwita Zaidi, fundi wangu wa kompyuta. Huyu alikuwa mzaliwa wa Gulwe, kule kwenye reli, na wazazi wake walimfia akiwa hajaanza shule. Alilelewa na shangazi yake, Bi Stara Mohamedi, mjane asiye na mtoto, ambaye aliuza uji stesheni miaka yote na kumsomesha kwa uji huo mpaka akamaliza chuo. Zaidi hakuwa na jamaa mwingine duniani, na shangazi yake hakuwa na mwingine ila yeye. Kila mwezi alimpelekea sukari na mchele kwa treni, na kila mwezi alisema mwezi ujao atakwenda kumchukua aje akae naye mjini. Bibi alikuwa hataki kuiacha nyumba yake.

Zaidi aliipenda ile mashine tangu alipoigusa. Aliichaji mpaka betri ikajaa ndipo akaiwasha, akaiunganisha na stebilaiza kwa sababu umeme wetu wa Dodoma ulikuwa unaruka ruka siku nzima. Akapiga window upya, akagawa diski sehemu mbili, akaondoa vikorombwezo vyote vilivyokuja nayo kutoka dukani, akazizuia programu zilizokuwa na tabia ya kujiamsha zenyewe pasipo kuitwa. Mwanzo ilikuwa inachukua muda wa kukaanga yai mpaka iwe tayari. Alipomaliza, ukibonyeza tu, hiyo hapo. Nilimwona akiifunga na kuiwasha tena na tena, anatabasamu peke yake.

Respicius alipokuja kuiona hakufurahi. Aliitazama ikiwaka, akasema imekuwa na haraka mno. Mgonjwa aliyetoka mbali hawezi kuamini jibu linalokuja kabla hajavuta pumzi. Akaomba kila ikiwashwa au ikiulizwa kitu kioo kiwe cheusi kwanza, kikae hivyo kwa muda, ndipo maandishi yatokee taratibu. Zaidi alicheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa ametumia siku nzima kuiondolea uzito, sasa anaombwa alipwe kuurudisha. Akatengeneza kile kiza cha kungoja. Tulipokijaribu, sisi watatu tukiwa tumeinama mbele ya kioo cheusi, nilijiona nimekaza meno, na nilikasirika kwamba nimekaza meno kwa kitu ninachojua kimetengenezwaje.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Respicius alitaka mashine imkumbushe wagonjwa wake, ili mtu akirudi baada ya miezi sita aulizwe habari za mguu wake bila kujieleza. Zaidi akatengeneza programu ndogo yenye nafasi ya jina, kijiji na ugonjwa. Ukiandika jina la kijiji kwenye kisanduku cha kutafuta, linatokea jina la kila mgonjwa wa kijiji hicho.

Programu ya namna hiyo haijulikani kama inafanya kazi mpaka uilishe majina, kwa hiyo Zaidi akailisha. Aliandika upesi upesi, akitumia majina yaliyomjia kichwani, kama fundi cherehani anayejaribu uzi kwenye kitambaa chakavu. Aliandika majirani zake, aliandika mabeki wawili wa timu ya mtaani, aliniandika mimi nikiwa na ugonjwa wa hasira. Ilipofika zamu ya Gulwe aliandika Stara Mohamedi, ugonjwa kifua, kwa kuwa bibi alikuwa anakohoa sana kutokana na moshi wa kuni. Akatafuta Gulwe, na baada ya kile kiza jina la shangazi yake likatokea peke yake katikati ya kioo. Zaidi akafurahi. Alisema hajamwona tangu Idi, angalau leo wameonana.

Nilimwambia afute majina yote kabla ya kuikabidhi. Respicius akakataa. Alisema mashine tupu itamtia aibu, mgonjwa akichungulia na kukuta hakuna mtu ndani atajua kwamba dokta hana wateja. Yaachwe hayo hayo yaliyomo mpaka atakapoweka ya kwake. Nilisema tena yafutwe, akanijibu kwa upole kwamba mali ni yake. Zaidi aliona ni mzaha tu, akamkabidhi. Ukifikiri vizuri, wenye maduka wote hupanga makopo matupu nyuma ya yale yaliyojaa.

Alirudi wiki kadhaa baadaye na kikapu cha zabibu kwa ajili yetu. Alikuwa na furaha ambayo sikuipenda. Alitusimulia kwamba juzi alikuja mtu mmoja anaitwa Ludovick, mfanyakazi wa genge la kukarabati reli, anakaa kitongoji kimoja jirani na stesheni ya Gulwe. Ludovick alikuwa ameshazika watoto wawili kwa ugonjwa wa kifua, na wa tatu, wa mwisho, alikuwa amelala nyumbani na homa. Respicius alitaka kuona kama ana mgonjwa mwingine wa upande ule. Akaandika Gulwe. Kioo kikawa cheusi. Ludovick akasogea, akainama pamoja naye, wakangoja. Jina likatokea.

"Umemwambia nini?" Zaidi aliuliza.

"Sikumwambia kitu. Alisoma mwenyewe, kwa sauti. Akasema huyu namjua. Akainuka, hata dawa hakuchukua."

Respicius alikuwa bado anatabasamu. Alidhani mtu wa watu alizidiwa na maajabu ya mashine. Zaidi alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya karatasi, akaweka mikono kichwani.

Mtu aliyezika watoto wawili hasafiri kutoka Gulwe mpaka Nzuguni kuuliza nani mwingine anakohoa. Anasafiri kuuliza nani anawamaliza watoto wake. Kila mtu katika mkoa huu anajua hivyo, na Respicius alijua hivyo, ila ubwana stoo haukumtoka, alidhani mtu akiona kitu kimeandikwa atakisoma kama kilivyoandikwa. Na Ludovick alisoma nini? Jina la kikongwe mjane anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi, na mbele ya jina hilo neno kifua. Redio ilikuwa haipitishi mwezi bila habari za vikongwe waliokutwa wamekatwa mapanga katika mikoa yetu hii ya kati na ile ya ziwa.

Gulwe haikuwa na mtandao wa simu, na treni ya kuelekea huko ilikuwa imeshapita. Nilimwambia Respicius atoe funguo za pikapu yake. Alianza kusema ana wagonjwa wanaomngoja, nikamwangalia, akazitoa. Zaidi alisema laptop iende nasi. Alikuwa na hoja: watu wa Gulwe wamemwamini shetani wa mashine kwa kuona kwa macho yao, basi waoneshwe kwa macho yao kwamba hana lolote, jambo liishe. Ilionekana ni akili. Hata mimi niliona ni akili.

Tulipita Nzuguni, tukapita Mbande na Kongwa, vumbi likituingia mpaka kooni. Baada ya Mpwapwa barabara ilitelemka kwenye mchanga wa mto mkavu, na upande wa pili tukaona reli. Zaidi alikuwa ameipakata laptop kifuani. Kabla hatujafika stesheni tulikutana na wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanatembea polepole, hawaongei. Nikasimamisha gari nikawauliza msiba ni wa nani. Walisema ni mtoto wa Ludovick wa genge, amezikwa asubuhi ile.

Bi Stara tulimkuta mbele ya nyumba yake. Alipomwona Zaidi alipiga makofi, akamshika uso, akamgeuza huku na huku aone kama amenenepa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu, akatukaribisha uji. Masufuria yalikuwa mawili, yamejaa, na juu uji ulikuwa umeganda ngozi. Alieleza kwamba siku hizi watu hawanywi, labda ni joto. Alieleza vile vile kwamba ametoka msibani asubuhi, na wanawake walimwachia mkeka mzima akaukalia peke yake, akanyoosha miguu yake vizuri. Hakusema kwa kulalamika. Sijui kama alikuwa haelewi au alikuwa anatuficha sisi, na sikupata nafasi ya kumjua kiasi cha kuamua.

Zaidi alimwomba aingie garini waondoke kwenda Dodoma saa hiyo hiyo. Alisema watu wanasema maneno mabaya. Nilimkazia macho amweleze yote, akashindwa, akaangalia chini.

"Niondoke na msiba uko ua wa pili?" Bi Stara akauliza. "Nikiondoka leo, mwanangu, hayo maneno ndiyo nitakuwa nimeyatia muhuri."

Na hilo lilikuwa kweli. Asiyeonekana msibani anahesabiwa, na anayetoroka ndiye anayetajwa. Alijifunga kanga yake nyingine, akakohoa, akatangulia mbele yetu kwenda kwa Ludovick.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo chini ya turubai, wanawake wako ndani na kando ya nyumba. Tulipofika mazungumzo yalikatika. Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea kwa adabu, akatupa pole ya safari. Zaidi akaomba ruhusa ya kusema jambo kuhusu mashine ya dokta wa Nzuguni. Nilimwona Ludovick akiinua kichwa. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imepasuka kwa kazi ya reli, macho yamevimba, na nilipomwona nilishindwa kumchukia, ingawa nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Laptop iliwekwa kwenye meza ndogo ya rambirambi. Respicius alisimama kwanza. Alisema mashine yake haikusema mtu huyu ni mbaya, ilisema ni mgonjwa. Alisema hivyo mara mbili, kwa sauti ndogo, huku akifuta suti yake vumbi. Mwenyewe alikuwa anajua kwamba akisema mashine ni ya uongo atakuwa ameng'oa kibao chake, na hakuthubutu.

Ludovick akasema, "Iwasheni."

Zaidi akaiwasha. Kioo kikawa cheusi. Watu wote chini ya turubai walisogea mbele, wakanyamaza, na kile kiza alichokitengeneza kwa kicheko kikakaa pale na kukaa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele. Alipiga piga kitufe kama mtu anayembembeleza punda, mashine ikamaliza muda wake iliopewa, ndipo ikafunguka.

Akaanza kufundisha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, maana alifundisha vizuri. Alisema mashine hii haimjui mtu, inarudisha kile ilichopewa, ni kama gunia. Ili kuwathibitishia akaandika jina la mwenyekiti, kijiji Gulwe, akatafuta, na jina la mwenyekiti likatokea kubwa chini ya lile la Bi Stara. Zaidi akawageukia akingoja wacheke. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Alimwambia kwa utulivu, "Nifute." Zaidi akajaribu kueleza tena, mzee akarudia, nifute. Zaidi akamfuta. Akauliza nani mwingine anataka kuona jina lake. Wanaume wa gogo la mbele wakarudi nyuma, mmoja akajikwaa, hakuna aliyemcheka.

Ludovick akasimama, akaja mpaka mezani.

"Jina la huyu mama nani aliandika?"

"Mimi."

"Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wa kaka yake. Ndiye aliyenilea."

Ludovick alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo anaoujua uzito wake. "Gulwe yote hii ina watu. Kwa nini uliandika yeye? Na kwa nini uliandika kifua?"

Ningetoa duka langu siku ile Zaidi apate uongo mmoja mzuri. Angesema jina limetoka kwenye gazeti, angesema ameamriwa na dokta. Lakini alikuwa amelelewa na mwanamke asiyesema uongo, na alikuja pale kuwaonesha ukweli.

"Ndiye niliyemkumbuka," akasema. "Nikifikiri Gulwe, namfikiri yeye. Na anakohoa, nimemsikia akikohoa tangu nikiwa mdogo."

Mnong'ono ulipita chini ya turubai ukaenda mpaka kwa wanawake. Nilielewa wakati ule ule walichoelewa wao. Mpaka hapo walikuwa na neno la mashine, kitu kigeni ambacho wengine walikuwa bado wanakitilia shaka. Sasa walikuwa na neno la damu yake, la mtoto aliyekula chakula chake na kulala nyumbani kwake, anayejua anafanya nini gizani, na amesema kwa mdomo wake kwamba ukitaja Gulwe na kifua anayekuja kichwani ni huyo. Mimi nikasimama, nikasema kwa ukali wote nilionao kwamba watoto wale wameuawa na homa ya mapafu, kwamba zahanati ipo na dawa ipo, kwamba ni aibu watu wazima kumwogopa mpika uji. Mwenyekiti aliniomba nikae, mimi ni mgeni, na ni msibani. Nikakaa. Mpaka leo sijui ningefanya nini zaidi, na silipendi jibu hilo.

Bi Stara alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, kando ya mlango. Alisimama kwa kushika ukuta. Alikuja katikati, akamtazama Zaidi, si kwa hasira, alimtazama kama anayetaka kuhakikisha.

"Ni wewe kweli uliyeniandika, baba?"

Zaidi alisema ndiyo, akaanza kueleza majaribio ni kitu gani. Bibi akainua mkono kumzuia. Akakohoa kidogo, kisha akamgeukia Ludovick.

"Huyu hajawahi kunisingizia tangu nimempokea," alisema. "Akivunja kikombe alikuwa anakuja kuniambia mwenyewe. Kama yeye ameniandika, basi labda kipo kitu ndani yangu mimi sikijui. Mimi sikijui, mwanangu. Lakini kama kipo, naomba unisamehe watoto wako."

Zaidi alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima kabla wala baada. Alimshika shangazi yake mabega akawa anamtingisha, anamwambia hapana, hapana, sema hapana. Bibi alimpiga piga mgongoni, kama anambembeleza alale.

Ludovick alilia. Alimpa Bi Stara mkono, akasema amesikia. Wanaume wakashusha pumzi, mtu mmoja akaleta maji, mwenyekiti akatangaza kwamba mambo yamesemwa hadharani na yamekwisha, kila mtu atulie tumalize matanga. Wanawake wakamsogezea bibi nafasi kwenye mkeka wao. Respicius alifuta uso, akaniambia kwa furaha kwamba ameona, watu wetu ni waungwana wakielezwa. Nilimwambia afunge mdomo. Sijawahi kuona utulivu ulioniogopesha kama ule. Dakika chache kabla walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe, sasa hakuna aliyekuwa anabisha.

Tulimwomba bibi tena aondoke nasi. Alikataa. Alisema sasa ameomba msamaha, lazima akae mpaka tanga liondolewe, la sivyo msamaha wake utakuwa wa mdomoni. Zaidi akasema atabaki naye. Mimi na Respicius tukarudi Mpwapwa kutafuta polisi. Tuliambiwa gari halina mafuta, na kwamba mtu akiomba msamaha na kusamehewa hakuna kesi ya kuandika. Nilipiga kelele mpaka nikapata ahadi ya askari mmoja asubuhi, kwa gari letu wenyewe.

Asubuhi tulimpeleka. Kabla hatujavuka reli niliona watu wengi mno uani kwa Bi Stara, nikajua.

Zaidi alikuwa amelala kizingitini, mlango wa mbele, panga la kukatia kuni liko ubavuni pake. Shangazi yake aliamka kabla ya alfajiri kama siku zote kuwasha moto wa uji, akatoka kwa mlango wa uani ili asimwamshe. Zaidi alimsikia akikohoa. Akamsikia tena. Kisha hakumsikia, akadhani moto umeshika na moshi umepungua. Askari aliuliza nyumba baada ya nyumba, akaandika, na kila mtu alimpa majibu ya adabu. Hakuna aliyeona kitu.

Kitongoji kizima kilikuja mazishini. Wanawake waliomwachia mkeka ndio waliochota maji na kupika, na walipika kwa kuni zake. Vijana walichimba kaburi upesi bila kuombwa. Respicius alikaa ndani ya pikapu na vioo amevipandisha. Mimi nilikaa ukumbini na wanawake, na kila aliyenipa pole nilimwangalia mikono.

Adhuhuri jeneza likatolewa, Zaidi akiwa mbele, bega la kulia. Wanaume walikuwa wanapokezana kulibeba, kama ilivyo desturi, Waislamu na Wakristo, yeyote aliyekuwa jirani wa marehemu. Kabla hawajafika njiani Ludovick alipenya katikati ya watu, akamgusa Zaidi begani kuomba nafasi. Walitazamana. Nilisimama, nikangoja Zaidi aseme neno, lolote, na nilikuwa tayari kulisema pamoja naye.

Zaidi akampisha.